Breki Zilizokwisha na Hesabu ya Siku

Majeruhi anapofikishwa hospitali, mara nyingi safu ya sababu katika daftari la mapokezi hujazwa kwa maneno matatu tu: ajali ya pikipiki. Mfupa hupigwa picha, kidonda hushonwa, mguu hufungwa plasta, rufaa huandikwa. Daktari akiulizwa pembeni nini kilichosababisha, hujibu kama wanavyojibu askari wa barabarani, viongozi na abiria wenyewe: uzembe wa vijana. Jawabu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni utambuzi wa maradhi uliofanywa bila kumpima mgonjwa. Hakuna aliyeitazama pikipiki. Nayo, wakati majeruhi anapandishwa kitandani, imekwisha kuinuliwa shimoni na kunyooshwa mpini, na kesho yake asubuhi ipo kijiweni ikisubiri abiria, breki zikiwa zilezile.

Kisanga ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, katika jimbo la Mikumi. (Msomaji wa mbali asidhani kwamba jina limetungwa kwa sababu ya maana yake katika Kiswahili cha kila siku, ndilo jina la mahali.) Eneo lote hilo, kutoka Kilosa mjini hadi Mikumi, ni la wakulima na wafugaji, na vitongoji vyake vingi vimeunganishwa kwa njia za udongo ambazo wakati wa masika huwa utelezi na wakati wa kiangazi huwa vumbi na makorongo. Basi halifiki kila mahali. Pikipiki hufika. Ndiyo inayobeba gunia la mahindi kwenda mashineni, mwalimu kwenda shuleni, mzee kwenda kliniki ya shinikizo la damu, sanduku la baridi la chanjo kwenda kitongoji cha mbali, na mama mwenye uchungu wa uzazi kwenda zahanati usiku wa manane.

Mfumo wa m-mama, ulioanza kutandazwa nchi nzima mwaka 2022, umewezesha kupigwa kwa namba 115 bila malipo ili kupata gari la wagonjwa au gari la dereva wa jamii kwa ajili ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga. Ni hatua kubwa na inastahili sifa. Hata hivyo gari huhitaji barabara ya gari. Kipande cha safari kati ya nyumba na mahali gari linapoweza kusimama bado ni cha pikipiki, na katika kipande hicho hakuna anayekagua chochote. Kwa hiyo hoja ya makala hii ni nyepesi kuisema na nzito kuitekeleza: pikipiki ya Kisanga ni kifaa cha afya, matengenezo yake ni kazi ya kinga kama ilivyo chanjo, na anayepaswa kuyalipia kwanza si kijana aliyeshika mpini bali ni yule anayepokea hesabu yake jioni.

Ianzwe na breki, kwa kuwa ndiyo inayosahauliwa zaidi. Pikipiki nyingi za biashara vijijini, zikiwamo Boxer na TVS, zina breki za ngoma, hasa katika gurudumu la nyuma. Ndani ya kitovu cha gurudumu mna vipande viwili vyenye umbo la nusu duara, ambavyo mafundi huviita breki shuu. Kanyagio linapokanyagwa, vipande hivyo hutanuka na kuikwaruza ngoma kutoka ndani, na msuguano huo ndio unaosimamisha chombo. Kila mara breki inapofungwa, utando wa breki shuu hupungua kidogo. Kanyagio huanza kwenda chini zaidi. Mwendeshaji huliona hilo, hutoa spana, hukaza nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki, na kanyagio hurudi juu kama jipya. Baada ya majuma machache hukaza tena.

Hapo ndipo ulipo mtego. Kukaza nati hakurudishi utando uliolika. Kunaficha tu kwamba umelika. Mwendeshaji huhisi breki nzima mguuni mwake hadi siku ile nati inapofika mwisho wa uzi wake, na chuma kikaanza kukwaruza chuma. Madaktari wanaufahamu vema mwenendo wa namna hii, maana shinikizo la damu huenda vivyo hivyo: mgonjwa hujisikia mzima, hula, hulima, hucheka, kumbe mshipa unadhoofika. Tofauti ni kwamba katika pikipiki nyingi za ngoma mtengenezaji ameweka kipimo waziwazi. Kwenye mkono mdogo wa breki, ubavuni mwa gurudumu, kuna mshale, na pembeni yake kuna alama. Breki ikifungwa na mshale ukafika kwenye alama, breki shuu zimekwisha, hata kama kanyagio linaonekana zuri. Kipimo hicho hakihitaji fundi wala fedha. Kinahitaji mtu mmoja akanyage na mwingine achungulie.

Breki ya mbele ina hadithi yake. Waendeshaji wengi wa njia za udongo wanaiogopa, na wapo wanaoilegeza kwa makusudi au kuuondoa waya wake kabisa, kwa imani kwamba itawarusha juu ya mpini. Hofu hiyo si upuuzi. Juu ya kokoto, mchanga au matope, gurudumu la mbele likifungwa ghafla huteleza, na chombo hulala papo hapo. Lakini dawa ya hofu hiyo ni mkono mwepesi, si kuing'oa breki. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake na wa waliopanda huegemea mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini na kupata mshiko, la nyuma huwa jepesi. Kwenye lami au udongo mkavu ulioshikamana, sehemu kubwa ya uwezo wa kusimama hutoka mbele. Anayetumia breki ya nyuma peke yake amejinyima uwezo huo, na kama breki hiyo ya nyuma nayo ndiyo ile iliyokazwa nati hadi mwisho, hana kitu.

Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, pikipiki hupita takriban meta 17 katika sekunde moja. Sekunde hiyo ndiyo muda ambao macho huona mbuzi, akili huelewa, na mguu hushuka; bado hakuna kilichopunguzwa. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huwa mara nne. Kijana wa Kisanga aliyezoea njia ya udongo ya kilometa 30 kwa saa akiingia barabara kuu ya kwenda Iringa au Morogoro, ambako malori ya kwenda Zambia hupita usiku na mchana, anaingia katika hesabu nyingine kabisa, na breki zake ni zile za njia ya shambani. Isitoshe, upande wa Morogoro barabara hiyo hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50, na nyati au tembo hatoi ishara kabla ya kuvuka. Taa ya mbele inayofifia kila injini inapopungua mwendo haitoshi kupita hapo usiku, na hakuna nauli inayostahili safari hiyo.

Cheni iliyolegea ni hatari kwa njia mbili: huweza kuruka kutoka kwenye sproketi na kulifunga gurudumu la nyuma ghafla, au kukatika na kupasua kifuniko cha injini. Kwa pikipiki ndogo za kawaida, ikisukumwa juu na chini kwa kidole katikati ya upande wake wa chini, icheze sentimita 2 hadi 3. Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho. Tairi lenye kipara lisibebe mtu wakati wa masika. Oili ya injini ibadilishwe kwa kilometa, si kwa kukumbuka: anayetembea kilometa 100 kwa siku hufikisha 2,600 katika mwezi wenye siku 26 za kazi, na kwa pikipiki nyingi za aina hiyo huo ndio wakati wake au umepita. Na ile tabia ya kuzima injini mteremkoni ili kuokoa petroli iachwe. Injini iliyo katika gia husaidia kushikilia mwendo. Ikizimwa, kazi yote hubebwa na breki, nazo zikipata moto hupungua nguvu wakati mteremko haujaisha.

Kuna sehemu moja ya pikipiki ambayo wahudumu wa afya wangepaswa kuipigia kelele kuliko askari: kava la cheni. Mafundi hulitoa ili wapate urahisi wa kulainisha, kisha halirudi. Abiria mwanamke huketi upande, amevaa kanga au kitenge, mtoto mgongoni. Pindo likinaswa na cheni au njiti za gurudumu la nyuma, humvuta chini kwa nguvu ya injini. Mtandio uliozungushwa shingoni ukinaswa humkaba. Mtoto aliyepakatwa bila mahali pa kuweka miguu huingiza kisigino kati ya njiti, na nyama ya kisigino ikichubuliwa hadi kwenye mshipa mkubwa wa nyuma ya kifundo huchukua miezi kupona. Majeraha haya hayahitaji mwendo kasi. Hutokea pikipiki ikitembea polepole kutoka kliniki ya watoto. Bamba la chuma lenye skrubu mbili lingezuia sehemu kubwa ya maafa hayo.

Jeraha jingine la aina hiyo ni la moto wa eksozi kwenye ndama ya mguu, upande wa kulia, linalowapata wanaoshuka bila kuonywa. Maji safi ya baridi ya kawaida yamiminwe juu yake kwa dakika 20, mapema iwezekanavyo. Dawa ya meno, mayai, unga na oili ya gari havina nafasi hapo; huongeza uchafu na kumchelewesha mgonjwa. Kikinga joto cha eksozi, kama kava la cheni, hutolewa kiwandani kikiwa mahali pake.

Yote hayo yanafahamika kwa mafundi, na sehemu kubwa yake yanafahamika kwa waendeshaji. Kinachokosekana si elimu peke yake. Vijana huhudhuria semina, hupewa vyeti, hurudi kijiweni na breki zilezile, kwa sababu semina haikuingia katika mkataba wao na mwenye pikipiki.

Mkataba huo huwa wa namna mbili. Katika ya kwanza, kijana humpelekea tajiri hesabu kila siku au kila wiki, na kinachobaki ndicho ujira wake. Katika ya pili hulipa kiasi kikubwa zaidi kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha pikipiki huwa mali yake. Katika zote mbili petroli ni ya kijana, na mara nyingi matengenezo madogo nayo ni yake. Tajiri huguswa injini inapokufa. Ugawaji huo unaonekana wa haki hadi utazamwe kwa macho ya kijana saa kumi na mbili jioni, akiwa na noti zisizotosha hesabu. Breki shuu ni kitu anachoweza kukisogeza mbele hadi kesho. Hesabu haisogezwi. Chakula cha nyumbani hakisogezwi. Kesho yake ni vivyo hivyo. Hata uchovu wake umo humo: anayeanza alfajiri na kumaliza saa nne usiku ili afikishe hesabu anaendesha kwa akili iliyolala nusu, na hakuna mafunzo ya alama za barabarani yatakayomwamsha. Kumwita mzembe ni kumlaumu kwa uamuzi ambao mkataba umemfanyia.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba hesabu ni shilingi 8,000 na siku za kazi kwa mwezi ni 26. Tajiri hupokea shilingi 208,000. Akitenga shilingi 1,000 katika kila hesabu, mwisho wa mwezi zipo 26,000 za oili, breki shuu au waya wa breki, na mwezi ambao hakikuharibika kitu zinasogea kuelekea tairi. Akimruhusu kijana kuipeleka pikipiki kwa fundi nusu siku moja katika mwezi bila kudai hesabu ya nusu siku hiyo, amepoteza 4,000. Kiasi hicho kilinganishwe na gharama ya muundi uliovunjika ukatoboa ngozi: upasuaji wa kuosha kidonda, vyuma vya kushikilia mfupa, viuavijasumu, siku za kulala, nauli ya ndugu wa kumhudumia. Na kwa miezi yote ambayo kijana anatembelea magongo, tajiri hapati hesabu yoyote.

Sasa, tajiri huyu ni nani? Neno lenyewe hudanganya. Katika vijiji vingi vya Tanzania si mtu mwenye utajiri. Ni mkulima aliyeuza mazao vizuri msimu mmoja, mama aliyepata mkopo wa kikundi, mwalimu, mtendaji, na mara nyingine ni muuguzi au tabibu wa zahanati aliyenunua pikipiki moja ili mshahara ufike mwisho wa mwezi. Hakuna aibu katika hilo. Ni biashara halali na inawapa vijana kazi. Lakini lina maana kwamba miongoni mwa wasomaji wa jarida hili wamo wenye pikipiki, na wapo ambao mchana hushona majeraha na jioni hupokea hesabu bila kuuliza breki. Ni rahisi zaidi kwa mtu kama huyo kubadili mkataba wake leo kuliko kwa serikali kubadili tabia za vijana.

Yapo mapingamizi ya haki. Wa kwanza atasema kwamba kijana akipewa fedha za matengenezo atazila. Basi asipewe, fedha zipelekwe kwa fundi mmoja anayefahamika, na breki shuu za zamani zirudishwe kwa tajiri kama ushahidi, jambo ambalo wenye malori wamelizoea miaka mingi. Wa pili atasema kwamba mkopo wa kununulia pikipiki haungojei, na kila shilingi ya hesabu imekwisha kupangiwa. Hilo ni gumu zaidi, na halina jawabu la kufurahisha: biashara isiyoweza kulipia breki zake inalipiwa na mguu wa mtu mwingine. Mpango wa mkopo usiohesabu breki haukuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Somo hili si geni katika sekta ya afya. Shirika la Riders for Health, lililoanzishwa na Waingereza Andrea na Barry Coleman pamoja na mwendeshaji wa mashindano kutoka Marekani, Randy Mamola, lilizaliwa baada ya waasisi wake kuona barani Afrika, mwishoni mwa miaka ya 1980, pikipiki za huduma za afya zikiwa zimetelekezwa kwa kukosa matengenezo madogo. Walichokipeleka katika nchi kama Lesotho, Zimbabwe na Gambia hakikuwa pikipiki mpya tu bali utaratibu: kipuri hubadilishwa kwa ratiba kabla hakijaharibika, mwendeshaji hukagua chombo kila asubuhi, na gharama hupigwa kwa kila kilometa tangu mwanzo, ili fedha za tairi ziwepo kabla tairi halijaisha. Huo ndio utaratibu ambao tajiri wa Kisanga anaweza kuufuata kwa daftari la shule na kalamu.

Kuhusu sheria, maneno machache yatatosha. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza chombo kibovu barabarani, inataka leseni na inataka kofia ngumu. Bima nayo ni ya lazima. Mwaka 2021 Serikali ilipendekeza faini ya makosa ya pikipiki na bajaji ishushwe kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na sababu ya huruma hiyo inaeleweka kwa yeyote anayejua kipato cha vijana hao. Lakini faini, iwe kubwa au ndogo, humkuta kijana, humpunguzia fedha ileile ambayo ingenunua breki shuu, na haimfikii tajiri. Askari aliyeandika faini kwa taa mbovu na kuiacha pikipiki iondoke na taa mbovu amekusanya mapato, hajazuia ajali. Ingekuwa na manufaa zaidi kama kijana angepewa siku tatu kurudi na taa inayowaka. Mikumi kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA. Si jambo kubwa mno kwa halmashauri na chuo hicho kukaa meza moja na kupanga siku ya ukaguzi wa bure wa breki, taa na cheni katika kata za jirani, kabla ya masika kuanza.

Kofia ngumu imesemwa sana, na bado ionekanavyo vijiweni ni kofia moja kwa pikipiki yenye watu wawili, nayo imening'inizwa kwenye kioo cha pembeni. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 na mtandao wa Cochrane yalikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa mwendeshaji aliyepata ajali kwa asilimia 42, na hatari ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Ni dawa chache zenye nguvu kiasi hicho. Lakini kofia isiyofungwa mkanda chini ya kidevu huruka kabla kichwa hakijafika chini, na iliyokwisha kupigwa sana katika ajali moja imemaliza kazi yake, kwa sababu povu lake la ndani hupondeka ili fuvu lisipondeke, wala halirudi. Abiria wengi hukataa kofia ya bodaboda kwa kuhofia jasho, fangasi na chawa. Wahudumu wasiwacheke. Ni hofu ya usafi, na wao ndio waliowafundisha watu usafi. Kitambaa chepesi kilichofuliwa, kinachovaliwa kichwani chini ya kofia, kinatosha, na mama anayekwenda kliniki kila mwezi anaweza kuwa na chake mkobani.

Kuhusu idadi ya wanaopandishwa, mshikaki wa watu wanne si ushujaa wala si lazima ya maisha kila mara. Uzito huo unazidi ule ambao breki, tairi na shokapu vilitengenezewa. Upo wakati mmoja tu ambao jambo hili hugeuka kuwa gumu kweli: mjamzito dhaifu, usiku, asiyeweza kujishikilia, na ndugu anayelazimika kuketi nyuma yake ili asianguke. Hapo mhudumu aliyepigiwa simu aulize kwanza kama gari haliwezi kusogea karibu zaidi, na kama mgonjwa anaweza kubebwa kwa machela hadi barabarani. Mgonjwa mwenye degedege au aliyepoteza fahamu hapandishwi pikipiki ya kawaida.

Katika eneo la ajali, kijiwe ndicho kinachofika kwanza, si zahanati. Kwa hiyo mafunzo ya huduma ya kwanza yapelekwe kijiweni. Majeruhi asinyanyuliwe kwa mikono na miguu kama gunia na kubanwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine, shingo ikining'inia. Kichwa na shingo vishikiliwe vikiwa vimenyooka na mwili, abebwe juu ya ubao, mlango au machela. Kofia isivutwe na mtu mmoja. Akiwa anapumua vizuri, iachwe. Ikilazimu kutolewa, mmoja ashikilie shingo na taya kutoka chini, mwingine aitanue na kuivua polepole. Damu inayotoka kwa nguvu ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kufunuliwafunuliwa. Mguu uliovunjika ufungwe kwenye gango katika hali ya utulivu kabla ya safari. Mfupa uliotoka nje usirudishwe kwa mkono. Ufunikwe kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi, na zahanati ianze viuavijasumu mapema na kuangalia kinga ya pepopunda kabla ya rufaa, bila kungoja hospitali ya juu ifanye hivyo. Kutoka Mikumi hadi Morogoro ni takriban kilometa 120, na bakteria hawasubiri mwisho wa safari.

Baada ya hapo lirudi lile daftari la mapokezi. Hakuna gharama katika kuongeza maswali matatu kwa kila majeruhi wa pikipiki, au kwa aliyemleta: breki zilishika? Taa ilikuwa inawaka? Kofia ilivaliwa na kufungwa? Majibu hayatakuwa kamili, na mwingine ataficha akiogopa polisi. Kwa hiyo aambiwe wazi kwamba maswali ni ya tiba, wala namba ya pikipiki haiandikwi. Baada ya msimu mmoja, mganga mfawidhi atakuwa na kitu cha kupeleka kwenye kikao cha maendeleo ya kata ambacho hakuna mwingine anacho: si malalamiko kuhusu vijana, bali idadi ya majeruhi ambao pikipiki zao hazikuwa na breki. Wenye pikipiki watakuwamo kikaoni, maana ndio wazee, walimu na wafanyabiashara wa kata.

Lakini kabla ya kikao hicho kuna chombo kimoja cha kukaguliwa. Zahanati na vituo vingi vina pikipiki yao wenyewe, iliyotolewa na mradi fulani kwa ajili ya chanjo na ufuatiliaji wa wagonjwa wa kifua kikuu, nayo mara nyingi imeegeshwa chini ya mti uani. Mganga mfawidhi atoke na muuguzi mmoja. Mmoja akanyage breki ya nyuma, mwingine atazame mshale ubavuni mwa gurudumu. Wageuze, wajaribu na ya mbele. Watazame kama kava la cheni lipo na kama kofia ni mbili. Kisha wafungue kitabu cha safari za pikipiki hiyo na kutafuta tarehe ya mwisho ambayo oili ilibadilishwa.